Manjano ya mtoto mchanga: kabla ya kumtafuta hasidi, litazameni sanduku la nguo

Siku za kujifungua zinapokaribia, katika nyumba zetu nyingi sanduku hufunguliwa. Hutolewa kanga za zamani zilizolainika, shuka, kofia na vijiguo walivyovaa watoto waliotangulia, vyote vikiwa vimehifadhiwa mwaka mzima au zaidi pamoja na vile vidonge vyeupe vya naftalini vya kufukuzia nondo na mende. Hakuna ubaya wa nia katika jambo hili. Ni kubana matumizi, na ni mapenzi ya bibi anayetaka mjukuu avae kile alichovaa baba yake. Mtoto huzaliwa, huadhiniwa, hufunikwa nguo hizo, na kabla ya siku ya saba ya akika zipo nyumba zinazompaka hina nyayoni na viganjani. Siku ya tatu mama huona weupe wa macho ya mwanawe umegeuka njano. Mtoto hanyonyi kwa nguvu, amezidi kulala, na kila mgeni anayeingia kutoa hongera ana maelezo yake: jicho la hasidi, maziwa ya mama yamechacha, au kuna mkono wa mtu.

Ndugu msomaji, manjano ya watoto wachanga yana sababu nyingi, na zaidi ya nusu ya watoto wote huyapata kwa kiasi kidogo kisha yakaondoka yenyewe. Lakini ipo sababu moja ambayo haizungumzwi sana huku kwetu Nyakato, wala Mwanza kwa jumla, ilhali inatuhusu kuliko watu wengi duniani. Ni upungufu wa kimeng'enya kimoja katika damu, ambacho wataalamu hukiita glukosi-6-fosfeti dihaidrojenesi, au kwa kifupi G6PD. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu milioni 400 ulimwenguni wana upungufu huo. Wengi wao hawajui, na wengi hawatajua mpaka wanakufa kwa uzee, kwa kuwa mwili wenye upungufu huu huishi salama mpaka ukutane na kitu cha kuuchokoza. Naftalini ni mojawapo ya vitu hivyo. Hina ni kingine.

Kazi ya kimeng'enya hiki

Vimeng'enya ni vitendakazi vya mwili. Kila kimoja kina kazi yake: hiki kinavunja wanga, kile kinasaga mafuta, na kingine kinatengeneza kinachohitajika mahali fulani. Kazi ya G6PD katika chembe nyekundu za damu inafanana na kazi ya fundi anayepiga rangi mabati ya nyumba ili yasiote kutu. Chembe nyekundu hubeba hewa ya oksijeni usiku na mchana, na oksijeni hiyo hiyo inayotupa uhai ndiyo inayotia kutu. Ili isiharibiwe, chembe ina kinga iitwayo glutathioni, na kinga hiyo kila inapotumika huchakaa na kuhitaji kufanywa upya. Nguvu ya kuifanya upya hutoka katika kitu kiitwacho NADPH, na mzalishaji wa NADPH ndani ya chembe nyekundu ni G6PD. Viungo vingine vya mwili vina njia mbadala. Chembe nyekundu haina. Haina kiini, haiwezi kujitengenezea vimeng'enya vipya, nayo huishi takriban siku 120 kwa akiba ile ile iliyozaliwa nayo.

Basi mtu mwenye akiba ndogo akivuta mvuke wa naftalini, au akameza dawa ya namna fulani, kutu huzidi kinga. Chembe hupasuka kwa maelfu ya mamilioni. Mtu mzima huona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, macho hugeuka njano, mgongo humuuma, naye huishiwa nguvu na kupauka ndani ya siku chache. Kwa mtoto mchanga mambo ni mazito zaidi, kwa sababu ini lake bado halijakomaa. Taka ya manjano itokanayo na chembe zilizovunjika, iitwayo bilirubini, hujaa katika damu, na ikizidi kiwango hupenya hadi kwenye ubongo. Mtoto aliyefikia hapo akinusurika kifo huweza kubaki kiziwi, au asiweze kukaa wala kutembea maisha yake yote. Katika mitaa yetu wamo watoto wa namna hiyo ambao hatukuwahi kujiuliza wiki yao ya kwanza ilikuwaje.

Siri ilivyogunduliwa

Mlango wa elimu hii ulifunguliwa na dawa ya malaria. Katika miaka ya vita vya pili vya dunia na baada yake, Wamarekani walikuwa wakitafuta dawa za kuwatibu askari wao, na majaribio yalifanywa kwa wafungwa wa gereza la Stateville katika jimbo la Illinois. (Majaribio hayo yamelaumiwa sana baadaye, na kwa haki, kwani hiari ya mfungwa ni hiari ya namna gani?) Ilionekana kwamba primakwini, kwa dozi ya miligramu 30 kwa siku, haikuwasumbua wengi, lakini baadhi ya wafungwa wenye asili ya Afrika damu yao ilivunjika na mkojo ukawa mweusi. Watafiti wakachukua chembe za damu za waliodhurika, wakazitia alama na kuwaongezea watu wasiodhurika, kisha wakawapa watu hao primakwini. Chembe za wageni zikavunjika, za wenyeji zikabaki salama. Ikawa bayana kwamba kasoro imo ndani ya chembe yenyewe. Mwaka 1956 Paul Carson, Alf Alving na wenzao walitangaza kasoro hiyo ni ipi: kimeng'enya cha G6PD kilikuwa kimepungua.

Haikuchukua muda swali likaja Afrika Mashariki. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya na ambaye mwaka 1954 alikuwa ameonyesha uhusiano wa selimundu na malaria, alipima damu za makabila mbalimbali ya eneo letu na kuchapisha matokeo yake mwaka 1960. Palipo na malaria nyingi upungufu wa G6PD ulikuwa mwingi, na katika nyanda za juu zenye baridi ulikuwa haba. Mwaka uliofuata, yeye na David Clyde, daktari wa malaria katika Tanganyika, walichapisha utafiti juu ya watoto wa Kitanganyika wenye upungufu huo na jinsi malaria inavyowashika. Katika mwaka 1995 utafiti mkubwa wa watoto wa Gambia na Kenya ulionyesha kwamba upungufu wa aina ya Kiafrika ulipunguza hatari ya malaria kali kwa karibu nusu. Tafiti za karibuni zimeleta mashaka kidogo: inaelekea unamkinga mtoto na malaria ya kupanda kichwani, na wakati huo huo unamzidishia hatari ya malaria ya kupungukiwa damu. Vyovyote iwavyo, sisi wa mwambao wa ziwa Viktoria, ambao mbu wametuuma kizazi baada ya kizazi, hatuna sababu ya kudhani kwamba jambo hili ni la watu wa mbali.

Limewahi hata kuangusha dawa iliyotengenezwa kwa ajili yetu. Lapdap, mchanganyiko wa klopoguanili na dapsoni, ilijaribiwa sehemu kadhaa za Afrika, ikiwemo Muheza mkoani Tanga, ambako matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa iliwatibu watoto walioshindwa kupona kwa dawa ya kawaida ya wakati ule. Ilisajiliwa Uingereza mwaka 2003 kwa matumaini makubwa, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Mwaka 2008 watengenezaji wake waliiondoa sokoni. Dapsoni iliyomo ilikuwa ikivunja damu za wagonjwa wenye upungufu wa G6PD, na katika nchi ambazo kipimo hakipatikani zahanatini hakuna njia ya kujua ni mgonjwa yupi wa kumnyima. Dawa mseto ya ALu, ambayo nchi yetu iliichagua mwaka 2006, haina tatizo hilo.

Urithi unaopita kwa mama

Wahenga walisema mtoto hufuata kisogo cha nina, na katika jambo hili wamepatia kuliko walivyokusudia. Maelekezo ya kutengeneza G6PD yamo katika kromosomu ya X. Mtoto wa kiume anayo moja tu, na huipata kwa mama yake. Kwa hiyo mama mwenye afya kamili, asiyewahi kuugua, aweza kubeba kasoro hiyo katika kromosomu moja kati ya zake mbili, na kila mwana wa kiume atakayemzaa ana nusu ya uwezekano wa kuirithi. Baba hawezi kumrithisha mwanawe wa kiume, humrithisha binti. Ndiyo maana anayetaka kujua historia ya mtoto hana budi kuuliza upande wa mama: yupo mjomba aliyewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya dawa? Yupo mtoto wa mama mkubwa aliyefariki kwa manjano katika wiki ya kwanza?

Nalazimika kusema jambo hapa, kwa sababu nawajua watu wetu. Elimu hii ikifika nusu nyumbani, itageuzwa fimbo ya kumchapia mwanamke. Tayari wapo wanaume walioacha wake zao kwa sababu ya watoto wa selimundu, ilhali mtoto wa selimundu hupata sehemu yake kwa baba na kwa mama sawasawa. Mwanamke hakuchagua kromosomu zake, naye alizirithi kwa wazazi wake wote wawili. Yumkini kasoro aliyonayo ilitoka kwa baba yake mzazi, yule mzee anayeheshimiwa na ukoo mzima. Isitoshe, huu si ugonjwa wa kuvunjia ndoa. Mtoto mwenye upungufu huu aliyeepushwa na vichokozi husoma, hucheza mpira, hufunga, huoa na huzeeka kama wenzake.

Kipimo na vitendanishi vyake

Kipimo kinachotumika zaidi maabara kilibuniwa na Ernest Beutler mwaka 1966, tabibu ambaye alikuwa miongoni mwa waliochunguza wale wafungwa wa Illinois. Ni kipimo cha kupendeza kwa urahisi wake. Fundi wa maabara huchukua tone la damu na kulitia katika kitendanishi chenye vitu vichache: saponini ya kupasua chembe ili kilichomo ndani kitoke, glukosi-6-fosfeti, ambayo ndiyo malighafi ya kimeng'enya, NADP, ambayo kimeng'enya kikiwepo hugeuzwa kuwa NADPH, glutathioni iliyokwisha kuchakaa, ambayo hula kiasi kidogo cha NADPH ili damu yenye kimeng'enya haba isije ikajifanya nzima, na bafa ya kuweka uasidi sawa. Mchanganyiko hudondoshwa kwenye karatasi ya chujio mwanzoni, kisha tena baada ya dakika tano na baada ya dakika kumi. Karatasi ikikauka hupelekwa gizani chini ya taa ya urujuanimno. NADP haing'ai chini ya taa hiyo, NADPH hung'aa. Doa likimeremeta, kimeng'enya kipo kinafanya kazi. Doa likibaki jeusi, hakipo cha kutosha.

Pale inapotakiwa kujulikana ni kiasi gani hasa, hutumika spektrofotomita, mashine inayopima mwanga wa nanomita 340 unavyomezwa na NADPH kadiri inavyozaliwa. Siku hizi vipo pia vipimo vya kando ya kitanda vinavyofanana na vile vya malaria. Kimojawapo, CareStart, hubadilika rangi kuwa zambarau iwapo kimeng'enya kipo. Kingine, cha kampuni ya SD Biosensor, husomwa kwa kifaa cha mkononi na kutoa tarakimu.

Mbona basi kipimo rahisi hivi hakifanywi kila mahali? Sababu moja ni vitendanishi vyenyewe. Hivi si vitu vya kuweka rafuni. Huhitaji jokofu lenye nyuzi 2 hadi 8, na unga wake ukishayeyushwa, siku zake ni za kuhesabu. Umeme ukikatika usiku kucha na jokofu likapata joto, kitendanishi huanza kufa kimya kimya, na kitendanishi kilichokufa hutoa jibu la uongo: kila damu itaonekana ina upungufu. Kwa ajili hiyo maabara makini hupima kila mara na damu ya mtu anayejulikana kuwa mzima, ili ajulikane mwongo ni nani, damu au dawa. Joto la chumba nalo huharakisha au kuchelewesha kimeng'enya. Sababu ya pili ni kwamba hakuna anayeuliza. Maabara haiwezi kuagiza kitu ambacho wateja na madaktari hawakiombi, na kikiagizwa kikaharibika bila kutumika, mwakani hakitaagizwa tena.

Na tusiseme mwambao wetu hauwezi kupima watoto wengi. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya upimaji wa selimundu uliofanyika katika kanda ya ziwa, ukiwahusisha wataalamu wa Bugando, kwa kutumia matone ya damu ya watoto yaliyokaushwa kwenye karatasi. Sampuli zaidi ya 17,000 zilipimwa, na takriban mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amebeba kinasaba cha selimundu. Karatasi, damu ya kisigino, gari la kuzipeleka maabara: njia imekwisha kulimwa.

Vya kuepukwa

Narudi nyumbani, kwa kuwa hakuna anayehitaji kitendanishi ili kufunga sanduku lake. Mvuke wa naftalini huingia kwa pumzi na kwa ngozi, na ngozi ya mtoto iliyopakwa mafuta huupokea kwa wepesi zaidi, maana naftalini huyeyuka katika mafuta. Nguo za mtoto zihifadhiwe safi na kavu bila vidonge hivyo. Zilizokwisha kuwekewa zifuliwe na kuanikwa juani kwa siku kadhaa mpaka harufu iishe kabisa. Blanketi zito lililonywa harufu ya miaka mitatu afadhali asifunikwe nalo. Katika Nigeria, ambako desturi ya kuhifadhi nguo kwa naftalini ni kama yetu, madaktari waliandika tangu miaka ya 1980 juu ya watoto walioharibika ubongo kwa njia hii, na wakaonya pia juu ya poda na marhamu zenye mentholi zinazopakwa kitovu na kifua cha mtoto.

Hina ni nzuri kwa bibi harusi na kwa mama aliyetoka uzazi. Kwa mtoto mchanga ni ada tu, si ibada, na hapungukiwi na chochote akiikosa. Kinachotia rangi katika hina ni jamaa wa naftalini kikemia, nacho hupenya ngozi. Madaktari wa nchi za Ghuba na kwingineko wameeleza habari za watoto wenye upungufu wa G6PD waliovunjikiwa damu baada ya kupakwa mwili, wengine wakafariki. Ama piko, madhara yake ni mengine ya kuunguza ngozi, na hiyo haifai kwa mtoto kwa hali yoyote.

Katika dawa, zinazojulikana kwa hatari ni primakwini ya dozi kubwa, dapsoni, nitrofurantoini na buluu ya methilini. Dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2012 ili kuzuia mgonjwa asimwambukize mbu, ni jambo tofauti. Utafiti wa Bagamoyo uliochapishwa mwaka 2016 uliiona kuwa salama hata kwa wenye upungufu. Dawa zenye salfa haziko daraja moja, na uamuzi wake ni wa daktari. Mtu asiache dawa aliyoandikiwa kwa sababu ya makala ya gazeti.

Wenye ndugu Oman wanalijua jambo hili kuliko sisi, kwani huko karibu robo ya wanaume wana upungufu huu, na mara nyingi ni wa aina iliyo kali kuliko ya Kiafrika. Jamaa akirudi likizo na makopo ya fuli kwa ajili ya futari ya Ramadhani, ajue kwamba maharagwe hayo mapana yaweza kumvunjia damu mtoto mwenye upungufu. Maharage yetu ya sokoni, kunde na choroko havimo katika hukumu hiyo.

Kuhusu jua la asubuhi, ambalo bibi zetu wanaliamini, lina msaada mdogo, ila limewachelewesha wengi. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi msitazame mwili. Bonyezeni ncha ya pua au paji la uso kwa kidole na kutazama rangi inayobaki, kisha macho, ufizi na nyayo. Manjano yanayotokea ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika viganjani na nyayoni, au yanayoambatana na kukataa titi, kulala mno, kulia kwa sauti kali na kujipinda mgongo, si ya kusubiri asubuhi. Hospitali hutumia taa ya mwanga wa buluu, na ikibidi hubadilisha damu. Mwelezeni mganga mtoto amevaa nini na amepakwa nini, hata kama aliyefanya hivyo ni mama mkwe.

Ikiwa kipimo cha G6PD kitafanywa, kiombwe kabla mtoto hajaongezewa damu, kwa kuwa damu ya mtu mwingine huleta kimeng'enya cha mtu mwingine. Na kikifanywa wakati damu inavunjika kikasema yu mzima, msikitegemee moja kwa moja: chembe kongwe zenye upungufu zimekwisha kufa, na zilizobaki ni changa zenye akiba nzuri. Mrudisheni baada ya miezi mitatu akapimwe tena, na jibu liandikwe katika kadi yake ya kliniki, upande wa juu, mahali ambapo mtoa dawa wa duka lolote ataliona.